Tundu la Nne la Mshipi

Ninyi mnaoanza kazi ya uuguzi leo mna mizani inayoandika uzito wa mtu kwa namba nyekundu, hadi nukta. Sina ugomvi nayo. Lakini kabla mgonjwa hajapanda juu yake, mtazameni mshipi. Mshipi wa ngozi hausahau. Tundu lililotumika miaka mingi hurefuka kama jicho la mbuzi. Ukiliona liko wazi, na mwenye mshipi amefunga kwenye tundu lingine la ndani, dogo, lililotobolewa kwa msumari, umeshajua nusu ya habari zake kabla hamjasalimiana.

Hilo sikulipata chuo kikuu. Nilifundishwa na Sista Nyokabi, mama kutoka Nyandarua aliyepata cheti chake cha uuguzi wakati mimi nikiwa bado nachunga mbuzi wa baba huko Bungoma. Na nililielewa nikiwa nimechelewa, baada ya kosa ambalo nusura limmalize mtu anayeitwa Parsaloi. Nitamfikia. Kwanza mjue ni nani anayewaambia haya.

Jina langu ni Wafula. Nimestaafu kabla ya wakati kwa sababu ya mgongo. Ukimwinua mtu mzima kitandani kila siku kwa miaka mingi, mgongo huandika barua ya kustaafu kabla yako. Karibu maisha yangu yote ya kazi niliwauguza watu wazima ambao kinga ya mwili ilikuwa imevunjika: wenye ukimwi, wenye kifua kikuu, na wale waliokuwa na vyote viwili, ambao walikuwa wengi. Nilianza Kajiado mjini miaka ya tisini, wodini. Miaka ya elfu mbili nilikuwa Kitengela, kliniki.

Sitawaambia kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri. Nikimsikia mzee akisema hivyo humwuliza alikuwa akifanya kazi gani. Sisi tulikuwa tukifunika watu shuka usoni.

Nilitoka chuo kikuu na ugonjwa wa kuuliza. Kwa nini joto la mgonjwa linapimwa alfajiri na hakuna anayelisoma hadi saa nne? Kwa nini madirisha ya wodi ya vikohozi yanafungwa wakati upepo wa tambarare hii ndiyo dawa pekee tuliyopewa bure? Swali hilo la madirisha lilikuwa zuri, na Nyokabi aliyafungua siku hiyo hiyo. Mengine yalikuwa ya kijinga. Nilimwuliza kwa nini anawapaka wagonjwa Vaselini midomoni kabla ya kuwalisha, na imeandikwa wapi. Akaniambia nishinde siku moja bila maji, nitembee kwenye vumbi la Januari, kisha nile ugali wa moto. Nilifanya hivyo, kwa ubishi tu. Jioni midomo yangu ilipasuka, na yeye akanisogezea kopo la Vaselini.

Jina aliloniita ni Digrii. "Digrii, shika huku. Digrii, acha kusoma, huyu anataka kutapika." Wauguzi wengine walicheka. Mimi nilidhani ni heshima, kwa muda wa wiki mbili hivi.

Siku hizo dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo duniani, lakini hazikuwa kwetu. Tulikuwa na maji ya chumvi ya kusafishia mdomo, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, Septrini ya kuzuia maambukizi inapopatikana, uji, na mikono. Glavu zilikuwa chache kiasi kwamba tuliziosha, tukazianika, tukazipaka poda na kuzichemsha upya. Hata hivyo mimi nilivaa glavu kwa kila kitu. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza shanga Namanga, sasa hawezi hata kuinua kikombe. Nilimpelekea uji nikiwa nimevaa glavu. Akafunga mdomo na kugeukia ukutani. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anakataa chakula.

Nyokabi alisoma, akaenda kitandani, akanivua glavu yeye mwenyewe kama anavyomvua mtoto soksi, akanirudishia kikombe. Nikaanza kumwuliza ushahidi uko wapi. Akanikatiza. "Uji hauambukizi mtu. Mpe."

Mama yule alikunywa kikombe kizima. Hakupona, na sitaki kuwadanganya. Lakini alikufa akiwa anakula kutoka mkononi mwa mtu, si mkononi mwa mpira. Glavu ni za damu na vidonda. Za uji, hapana.

Sasa nimfikie Parsaloi.

Nyokabi alihamishiwa Kitengela kabla yangu, na kliniki ilipoanza kutoa dawa zile tulizokuwa tumezisikia tu, aliomba aletewe "yule wa maswali." Nilikuta vyumba viwili, baraza la saruji, na benchi refu nje. Waliokuwa wakikohoa tuliwaona huko nje, mwuguzi akikaa upande upepo unakotoka. Fanyeni hivyo hata leo, haigharimu kitu.

Kitengela ilikuwa inaota nyumba za mawe kila wiki. Wagonjwa wetu walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, madereva wa malori ya Namanga, wafugaji. Wengi walitoka mbali makusudi. Wa kwetu walikwenda Machakos ili wasionekane, na wa Machakos walikuja kwetu. Nadhani walipishana barabarani.

Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza: hakuna anayepewa dawa kabla hajaleta msaidizi, mtu wa kumkumbusha asubuhi na jioni. Jina la msaidizi liliandikwa juu ya faili. Ya pili: kila mwezi mgonjwa arudi na chupa yake, tumimine vidonge vilivyobaki kwenye sahani na kuvihesabu. Vikizidi, ameruka siku. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, maisha yote.

Parsaloi alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ewuaso Kedong, miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mzaha wa polepole. Alikuja akiwa amekonda na akiwa amemaliza dawa za kifua kikuu. Pamoja naye alikuja Lemayian, mwenye umri kama wake, mkimya, fimbo mkononi. "Huyu ni mwenzangu wa rika," Parsaloi alisema. Nikaandika: msaidizi, Lemayian. Nikawafundisha wote wawili, na nilifurahi sana kwa sababu yule msaidizi aliuliza maswali mazuri kuliko mgonjwa. Mtu akitapika baada ya kumeza afanye nini? Akipata upele? Kama hajala? Nikawaza, laiti kila mgonjwa angekuwa na msaidizi kama huyu.

Miezi sita Parsaloi hakukosa. Kila mwezi chupa ilikuwa tupu siku ileile iliyopaswa kuwa tupu. Nilimsifu mbele ya watu wa benchi hadi wengine wakaanza kumchukia. Lemayian naye nilimsifu. Alikuwa akikaa nje, akigongagonga fimbo kwenye saruji, akitazama chini.

Ila Parsaloi hakunenepa. Mwanzoni aliongeza kidogo, kisha uzito ukasimama. Damu tuliyopeleka Nairobi kuhesabiwa askari wa mwili ilirudi na namba ileile ya huzuni. Kwangu jibu lilikuwa wazi: anameza vizuri, kwa hiyo dawa yenyewe imeshindwa. Daktari wetu alikuwa mama aliyekuja kutoka Nairobi Alhamisi moja kila mwezi, na ndiye pekee aliyeweza kumbadilishia mtu dawa. Dawa ya pili ilikuwa adimu na foleni yake ilikuwa ndefu. Wako waliokufa wakiingoja. Baada ya hiyo ya pili hakukuwa na kitu. Nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko wangu mzuri: "Anameza kikamilifu. Dawa imeshindwa." Ilikuwa Jumanne. Alhamisi daktari angekuja kutia sahihi.

Nyokabi alilisoma faili lile akiwa amesimama.

"Digrii, miezi sita hajakosa hata kidonge kimoja?"

"Hata kimoja."

"Hajaangusha hata kimoja kwenye mavi ya ng'ombe?" Akanitazama juu ya miwani. "Mimi nikipewa dawa ya malaria ya siku tatu hubakisha. Na leo ameinama kuvua viatu nikaona. Mshipi bado uko tundu la nne, lile alitoboa mwenyewe."

Mimi niliyeuliza kila kitu, hadi Vaselini, sikuwahi kuuliza kuhusu sahani iliyo tupu. Ilikuwa inanisifu. Jambo linalokusifu ndilo gumu zaidi kulihoji, na hilo sijaliona kwenye kitabu chochote cha uuguzi.

Basi nikaruka kutoka kosa moja hadi lingine. Niliona nimedanganywa. Nikamwita Parsaloi ndani, nikamwuliza kwa sauti ya hakimu kama vidonge anavitupa au anaviuza. Alitoa chupa yake tupu mfukoni, akaiweka mezani pole pole, akajifunga shuka. Kisha akasema, bila hasira, "Daktari, mimi si mwizi." Aligeuka kuelekea mlangoni.

Nataka mwelewe mlango ule. Mgonjwa akitoka kwenye mlango wa namna hiyo harudi. Ningesikia habari zake baada ya miezi michache kutoka kwa dereva fulani, au nisizisikie kabisa.

Nyokabi alikuwa amesimama pale pale na kikombe cha chai. Hakumwambia arudi. Alikaa kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, akapuliza chai yake, akamwuliza jambo ambalo mimi niliona halina maana.

"Parsaloi, ukiwa morani, maziwa ulikuwa unakunywa na nani?"

Akasimama. "Na wenzangu."

"Na siku umepata maziwa ukiwa peke yako, na uko na kiu?"

"Unangoja. Hata ukilala njaa, unatafuta mwenzako kwanza. Morani hanywi peke yake."

"Na hizi dawa, unakunywa na nani?"

Nje fimbo ya Lemayian iliacha kugonga. Parsaloi alirudi mezani, akaishika chupa.

"Asubuhi ni yangu," alisema. "Jioni ni yake."

Lemayian alikuwa amepimwa kwao, na aliyempima alikuwa shemeji yake. Hakurudi huko tena, wala hakutaka jina lake liandikwe kitabuni mahali popote. Ila kama msaidizi jina lingeandikwa bila mtu kushtuka. Kwa hiyo maswali yale yote mazuri alikuwa akijiulizia mwenyewe. Nilikuwa nimefundisha wagonjwa wawili na kumpa dawa mmoja.

Nilimwuliza Parsaloi kwa nini hakuniambia. Alinitazama kama mtu anayemwonea mwingine huruma.

"Nikipona peke yangu, nitakaa na nani?"

Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mtu mwingine. Mimi ni Mbukusu. Waliotahiriwa mwaka mmoja na mimi ni bakoki zangu. Wanaweza kunitukana mbele ya watoto wangu na nikacheka, na mmoja wao akiwa na njaa nami nina sahani, sahani ni yake. Nilikuwa najua jambo hili tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Lakini nilikuwa nimeliacha nyumbani, pamoja na jembe, nikidhani kliniki ni mahali pa mambo mengine.

Tulimwita Lemayian ndani. Nikaanza kuwaeleza, kwa maneno ya darasani, namna virusi vinavyozoea dawa isiyotosha. Nilipofika katikati niliona macho yao yameondoka chumbani. Lemayian akanisaidia.

"Ni kama josho la ng'ombe," alisema. "Ukiweka maji mengi kuliko dawa, kupe hafi. Anajifunza." Akamgeukia mwenzake. "Miezi sita tumekuwa tukisomesha kupe."

Parsaloi alicheka kwanza, kisha akaacha. Akauliza kama kupe hao wameshahitimu. Tukamwambia ukweli kwamba hatujui. Huenda dawa ya kwanza ilikuwa imekwisha nguvu kwa wote wawili, kwa sababu ya wema wake na uvivu wangu wa kuuliza. Damu tu ndiyo ingesema, baada ya miezi mitatu ya kumeza dozi kamili, kila mtu na chupa yake.

Alhamisi nilikata maandishi yangu mazuri kwa mstari na kumwambia daktari kosa ni langu. Alifungua faili la Parsaloi, akasoma: msaidizi, Lemayian. Akafungua faili jipya la Lemayian, akasoma: msaidizi, Parsaloi. Akatabasamu, akatia sahihi yote mawili.

Miezi mitatu hiyo ilikuwa mirefu. Tatizo lilikuwa kwamba hawakukaa pamoja. Mmoja alikuwa kwao Ewuaso Kedong, mwingine mara nyingi alikuwa akifuata ng'ombe hadi Rombo. Nani atamkumbusha nani? Hilo walilitatua wenyewe, bila sisi. Simu za mkononi ndio kwanza zilikuwa zimeanza kuingia, na kila mmoja alikuwa na moja ya kusemea bei za ng'ombe. Ikifika saa ya dawa, mmoja anapiga, simu inalia mara moja, anakata. Mwenzake naye anapiga mara moja, anakata. Hapo ndipo wote wanameza, kila mmoja alipo. Hakuna anayemeza kabla mwenzake hajajibu. Parsaloi alituambia kuna siku alipanda kichuguu akitafuta mtandao, kidonge mkononi, ng'ombe wakimshangaa.

Nyokabi aliposikia hivyo aliacha kazi yote na kwenda kuwaeleza watu wa benchi. Kufikia Krismasi wengi walikuwa na mwenzao wa kidonge: dereva wa lori na dereva mwenzake, dada wawili wa kiwandani, mchungaji wa kanisa na muuza mitumba ambao hawangeweza kusalimiana njiani. Mimi nilichoongeza ni daftari tu. Vitu vingi vizuri vya kazi yetu vilitoka kwenye benchi, sisi tukaviandika.

Damu ilirudi. Askari wa Parsaloi walikuwa wamepanda. Nilisoma karatasi ile mara tatu, nikaenda nje kumtafuta Nyokabi, nikamkuta anamwosha mtu mguu, nikamwonyesha. Akasema, "Sasa umwambie yeye, si mimi."

Ya Lemayian haikupanda. Kupe wake walikuwa wamehitimu. Aliingia kwenye foleni ya dawa ya pili, akaingoja miezi minne, na katika miezi hiyo kifua kikuu kilimlaza. Parsaloi aliuza madume wawili akahamia Kitengela, chumba cha mabati nyuma ya soko, akampikia. Kila asubuhi nilipopita kumchoma Lemayian sindano, nilimkuta Parsaloi amekaa na sufuria ya uji, hajala, akingoja mwenzake ameze kwanza. Dawa ya pili ilifika akiwa angali hai. Mpaka leo hujiuliza: kama ningehoji sahani mwezi wa pili badala ya wa sita, je, angeihitaji? Sijui. Kuna maswali ambayo ukishayakosea wakati wake hubaki nawe.

Sista Nyokabi alistaafu kabla yangu. Tulimfanyia sherehe ya soda na mandazi pale barazani. Wale wawili walikuja, Lemayian akitembea bila kuegemea fimbo, Parsaloi akiwa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ulikuwa ule mshipi, na matundu yake manne.

"Sista, hii ni yako," alisema. "Mimi hainifikii tena."

Nyokabi aliuzungusha kiunoni, ukakomea njiani, akasema yeye haujamfikia tangu alipozaa kifungua mimba. Watu walicheka. Akanirushia. Nikauvaa kwa mzaha. Ulinikaa sawasawa, na chuma chake kikaingia tundu la nne.

Kicheko kilipungua. Nyokabi alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa, kuanzia chini kwenda juu.

"Digrii. Wewe unakula na nani?"

Nilisema ukweli. Mke na watoto walikuwa Bungoma. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja, na jioni nilikula mkate na chai nikiwa nimesimama dirishani, nikisoma.

Wale wawili walitazamana. Lemayian akamwambia Nyokabi, kwa sauti ya mtu anayesoma kanuni, "Fungua faili ya huyu. Msaidizi andika mimi."

Mshipi uko nami. Nyokabi alisema ni mali ya kazi, na yeye kazi ameshaimaliza. Umening'inia kwenye msumari mlangoni, na siku hizi mimi pia haunifikii. Tangu sherehe ile, jioni ikiingia, Lemayian hunipigia, simu hulia mara moja na kukatika. Kanuni ni kwamba sijibu kabla sijaketi na chakula mbele yangu.

Imelia sasa hivi nikiandika haya. Ngoja nikale, ili naye ale.